Muziki Uliopigwa Nje ya Ukuta

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nilianza maisha na spika moja ya kuazima, leo nina malori matatu ya vyombo vya harusi na ukumbi wangu mwenyewe hapa Firq, Oman, na wanaonijua kuanzia Nizwa mpaka Sur watakwambia kuwa haijaingia nchi hii mashine ya muziki iliyonifanya nitoe macho. Skuli niliiacha mapema, lakini nifungulie amplifaya yoyote, nitakuonesha palipoungua kabla chai yako haijapoa. Basi vijana wanapokuja ofisini kwangu kubishana, huyu anasema DJ wa kweli ni anayechanganya muziki kwa mkono na sikio, yule anasema mambo ya mkono yamepitwa, kompyuta inafanya yote, mimi huwaagizia kahawa kwanza. Hunijia harufu. Harufu ya tende zinazochemshwa Al Qabil wakati wa kiangazi, na ndani yake harufu nyingine nyembamba, ya plastiki iliyopigwa na jua, ambayo ni ya kaseti za mjomba wangu Nasoro.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa Ibra, na kila likizo ya kiangazi mama alitupeleka Al Qabil nyumbani kwa bibi, kwenye mitende. Wakati huo tende za manjano hukatwa zikiwa bado ngumu, huchemshwa kwenye masufuria ya shaba ambayo mtoto kama mimi angeweza kulala ndani yake, kisha huanikwa juani. Mvuke wake mtamu uliingia nguoni, kwenye nywele, kwenye mkate, mpaka ukaona unavuta sukari puani. Ndani ya nyumba tulizungumza Kiswahili cha Unguja, kwa sababu bibi alizaliwa huko na hakukubali kugombana kwa lugha nyingine. Nje, na watoto wa majirani, Kiarabu. Msimu wa tende ulikuwa pia msimu wa harusi, kwa kuwa watu wote wenye kazi Maskati walikuwa wamerudi, na msimu wa harusi ulikuwa wa Mjomba Nasoro.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi wa redio Ibra. Siku za kawaida alijiita fundi. Siku za harusi alijiita injinia, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Alikuwa na deki mbili za kaseti, moja imeng'oka kifuniko, amplifaya iliyovuma kama nyuki kabla ya kupata moto, na spika mbili alizoziunda mwenyewe kwa mbao za makasha ya matunda. Umeme ukikatika, betri ya pikapu yake iliendelea na kazi. Kaseti alizipanga ndani ya sanduku la bati na juu akatandika kitambaa kilichoroweshwa maji, zisije zikapinda kwa joto. Hakuandika majina. Kila kaseti aliitia tone la rangi ya kucha aliyowaomba dada zake: nyekundu ni taarabu, ya waridi ni nyimbo za Kikongo, na zile za Kiarabu hazikuwa na alama kwa sababu alidai anazijua kwa kuzinusa. Kurudisha wimbo mwanzo alichomeka kalamu ya risasi kwenye tundu la kaseti akaizungusha hewani huku akizungumza na watu, akasimama pale pale alipotaka, bila kutazama. Alijisifu sana mtu yule. Wanasema mdomo wangu nimeurithi kwake. Sikatai.

Lakini jambo ambalo DJ wa leo hataliamini ni kuwa Mjomba Nasoro hakuwahi kumuona hata mtu mmoja akiucheza muziki wake. Wanawake walisherehekea ndani ya uwanja wa nyumba, mabaibui yamevuliwa, nywele wazi, dhahabu wazi, na mwanamume hapiti. Spika ziliingizwa mapema kabla wageni hawajafika, waya ukapitishwa chini ya mlango, naye akakaa nje ya ukuta wa udongo, juu ya mkeka nyuma ya pikapu, uso wake ukiwa umeelekea mitende. Kila wimbo ulipofika katikati alipunguza sauti kidogo, kiasi ambacho mchezaji asingetambua, akaegemeza kichwa ukutani akatega sikio. Nilimuuliza anasikiliza nini.

"Vikuku," aliniambia. "Mwanamke anayecheza, dhahabu yake ndiyo inayosema. Akikaa kitini, anasema yeye. Sasa nyamaza, nisikie wapo wangapi."

Kiangazi kile aliolewa Mama Mdogo Salma, mziwanda wao. Bwana harusi alikuwa kijana wa Samail, mpole, mwenye kazi ya serikali, ila ukoo wake ulitoka Bara. Walirudi Oman kutoka Burundi, na mama yake, Bi Zuwena, alishasema mbele za watu kuwa hawa wa Unguja wanajiona na kwamba mwanawe asingekosa mke kwa watu wa kwao. Salma alikuwa anakwenda kuishi nyumba moja na mama huyo. Asubuhi ya harusi bibi alimwita Mjomba Nasoro mbele yetu sote, mikono yake ikiwa na unga. "Nasoro," alisema, "yule mama akitoka humu amenuna, atakayelipia ni Salma, kila siku, jikoni. Umenisikia?" Mjomba akasema amesikia. Muziki ungeanza baada ya alasiri na kunyamaza kabla ya adhana ya magharibi, na hapo magari ya Samail yangeondoka. Wakati wote aliokuwa nao ni huo.

Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwangu kuruhusiwa kuingia kwa wanawake, na mjomba akanituma nikamtazamie. Nilipita kati ya magauni na udi na sahani za halua, nikachota halua kwa vidole, nikatoka.

"Wote wanapiga makofi, Mjomba."

"Wote akina nani?"

"Wote tu."

"Kushoto, penye tangi la maji, wamekaa akina nani?"

Nikarudi kutazama. Penye tangi la maji walikaa wanawake wa Samail, Bi Zuwena katikati yao, mnene, mweusi wa kupendeza, mikono ameifunga kifuani, na wenzake wote wameifunga kama yeye. Mimi niliyekuwa ndani na macho yangu mawili nilikuwa nimeona halua. Yeye aliyekuwa nje, na ukuta mzima mbele ya sikio lake, alikuwa amesikia kuwa makofi yanatoka upande mmoja.

Akaitoa taarabu, akatia kaseti ya waridi. Muziki wa Kikongo ukalia, na nikasikia hata mimi jinsi upande wa tangi ulivyoinuka, viti vikisukumwa, mtu akipiga kigelegele cha kwao. Nikadhani kazi imekwisha. Mjomba hakufurahi. Upande wa kulia, wa kwetu, walikuwa wamekaa chini wote kwa pamoja kama waliopewa amri, na shangazi yangu mmoja mwenye ulimi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Haya, tuwapishe wageni wacheze ngoma zao." Neno hilo likafika penye tangi. Bi Zuwena akakaa, na waliokuja naye wakakaa. Wimbo uliendelea mzuri, sauti safi, pande zote mbili zikinywa sharubati. Jua lilikuwa limeshashuka kwenye vichwa vya mitende. Mjomba akapunguza sauti, akatega sikio, akapunguza tena, kisha akafanya jambo ambalo sijamuona fundi mwingine akilifanya katika harusi ya mtu, seuze ya dada yake. Akazima kabisa.

Nilisikia maji ya falaji, ule mfereji wa kunyweshea mitende, yakipita. Halafu sauti ya bibi ikaruka ukuta.

"Nasoro, umekufa huko?"

"Bado, mama."

"Basi umelala?"

Kicheko kikatoka ndani, na safari hii kilitoka pande zote mbili. Mjomba akaninyooshea kidole, nisitikisike. Bibi, kwa kuificha aibu, akaanza kuimba ule wimbo wa kumtoa bibi harusi ambao hauhitaji chombo, makofi matupu, na wa kwetu wakamwitikia kwa mwendo wa mbio kama wanavyouimba Unguja. Ubeti wa pili kabla haujaisha ukadakwa na sauti nyingine, nzito. Ilikuwa ya Bi Zuwena. Wimbo ulikuwa ule ule. Kumbe na wao Bara waliufunzwa na bibi zao, maneno tu yamebadilika, na wao huuimba polepole, kwa kuvuta. Ikawa huku wanakimbia, huku wanavuta, makofi yanagongana, na ungedhani wataachana njiani.

Hapo mjomba alichukua kaseti aliyoirekodi mwenyewe ya ngoma tupu, akaitia kwenye ile deki isiyo na kifuniko, akaweka kidole gumba juu ya gurudumu linalozunguka. Alilibana. Kanda ikawa nzito, ngoma ikashuka mwendo, akalibana zaidi, macho ameyafumba, mpaka ngoma ikakaa sawasawa chini ya makofi. Na hakufuata makofi ya mama yake. Alifuata ya Bi Zuwena. Akaongeza sauti taratibu, na wanawake wa kwetu, walipoisikia ngoma chini ya miguu yao, wakajikuta wamepunguza mwendo bila kuambiwa na mtu. Vikuku vikaanza kulia mkono wa kushoto, vikaja katikati, vikafika kulia. Hata mimi nilivisikia vikitembea. Kidole chake kilikuwa kimekwaruzika mpaka kinatoa damu na hakukiondoa.

"Wewe fundi wa nje," sauti nzito iliita, "nani kakufundisha mwendo wetu?"

"Wewe mwenyewe, mama, sasa hivi tu."

Nasikia Bi Zuwena alicheka mpaka akamshika Salma mkono ili asianguke, na hakuuachia mpaka adhana. Alipotoka kwenda garini, amejifunika, mjomba akageuza uso kwenye mitende kama adabu inavyotaka. Yule mama akapunguza hatua. "Mtoto wenu tumemchukua," alisema. "Na wewe utakuja Samail kumpigia binti yangu. Usije ukalala." Salma akakaa naye nyumba moja mpaka Mungu alipomchukua Bi Zuwena, na mpaka leo akimtaja husema mama, haongezi neno.

Sasa mimi si katika wale wanaolilia zamani. Kaseti zilikuwa zinaliwa na mashine katikati ya wimbo, zinayeyuka ndani ya gari, na kidole cha binadamu si kifaa cha kusawazisha mwendo. Leo programu inazilinganisha nyimbo mbili yenyewe, pigo juu ya pigo, na mimi nilikuwa wa kwanza mkoa wote wa Dakhiliyah kuinunua, muulize yeyote. Ukumbi wangu nimeujengea chumba cha mitambo nyuma ya ukuta wa wanawake, kuta zimevikwa sponji, milango miwili mizito kama ya benki, ndani baridi na kimya, mtu anasikia moyo wake. Wageni wakija naanza kuwaonesha chumba hicho kabla ya ukumbi wenyewe.

Majira ya baridi yaliyopita nilimuoza binti yangu, naye pia Salma, jina la mama mdogo. Wakwe ni watu wa Sur, wazito, wanawake wao walikuwa hawajapata kuingia kwetu kabla ya siku hiyo. Nilikaa chumbani na Yahya, DJ wangu, kijana aliyesoma chuo na anayeijua kazi yake, simuonei. Kwenye kioo taa zote za kijani, nyimbo zinaingiana kama maziwa na chai. Nilikuwa ndiyo kwanza namwambia kuwa kwenye kazi hii hakuna kitakachonishangaza, simu ikalia. Alikuwa Mama Mdogo Salma, kutoka ndani ya ukumbi.

"Mwanangu," alisema, "umelala?"

Nilijua maana yake. Nikatega sikio, na nilichosikia ni feni ya kompyuta.

"Wa Sur wamekaa wote," akaendelea, "na wetu wanawatazama. Muziki wenu mzuri sana. Mnavipigia viti."

"Lakini ami, kila kitu kiko sawa," Yahya akasema, akinionesha kioo, na kweli kilikuwa sawa. Kufungua mlango haiwezekani, ukumbi umejaa wanawake. Nikamwambia azime. Nikamwambia mama mdogo aishike simu juu, nikaiweka sikioni, Yahya akaleta sikio lake karibu na langu, tukakaa hivyo wanaume wawili tumegusana vichwa, tunasikiliza ukumbi wangu mwenyewe kwa simu. Kikasikika kikohozi, kisha mwanamke mmoja wa Sur akaanza kupiga kofi la kwao, na wengine wawili watatu wakamfuata. "Huo," nikamwambia Yahya. "Upate huo." Akausogeza mwendo kwa kidole juu ya kioo, laini, bila kukwaruzika, akaupata haraka kuliko mjomba. Kwenye simu vikuku vikaanza kulia. Binti yangu yuko Sur sasa, na mama mkwe wake hunipigia mwenyewe kunisalimia.

Ndiyo maana vijana wakija kubishana siwapi jawabu la kuchagua upande. Nawapeleka kwenye chumba cha mitambo. Kompyuta ni ile ile, programu ni ile ile, mpya kuliko zote. Lakini karibu na kiti cha Yahya, usawa wa sikio la mtu aliyekaa, nimetoboa ukuta tundu la upana wa kiganja, limepinda katikati kama kiwiko, sauti ipite na jicho lisipite, mdomoni lina wavu wa shaba. Kila wimbo ukifika katikati Yahya anapunguza sauti kidogo, anaegemeza kichwa. Wenye kumbi wawili wameshakuja kulipima ili waige, na nimewaacha. Kuvunja sponji, kukata ukuta, fundi wa Firq na wavu wake, nimelipa riali mia mbili na kumi na saba na baisa mia tano.