Upande wa Kushoto wa Daraja

Mtaani walimwita Mama Meno, kwa sababu miaka yake yote ya kazi alitengeneza meno ya bandia. Alipostaafu hakuacha kumimina. Alihama tu kutoka kwenye meno akaingia kwenye madaraja. Ndiyo, madaraja, yale ya kukaa juu ya meza, ya watu wazima wenye vitambi vyao wanaojaza chumba kizima kwa reli ndogo na vijitreni, kisha wanakuonya usiguse. Alimimina resini, ile plastiki ya maji inayoganda, kwenye kalibu ya silikoni, vipande vikiganda akavitoa, akavipiga msasa, akavipanga kwenye boksi, na mnunuzi akaenda kujiungia mwenyewe kwa gundi.

Lakini daraja la kwanza, lile ambalo mengine yote ni nakala zake, lilichongwa na mumewe, Fundi. Vijiti vyembamba kuliko njiti ya kiberiti, vichwa vya ribiti, zile pini za kuungia vyuma, vilivyobandikwa kimoja kimoja kwa ncha ya sindano. Lilikuwa moja tu. Alipolimaliza, kiharusi kikamwangusha.

Mkono wa kushoto ulilegea, lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba ubongo wake uliacha kuhesabu kwamba kushoto kupo. Macho yalikuwa mazima kabisa. Hata hivyo alikula nusu ya sahani akasema kashiba, alinyoa shavu moja akatoka kwenda kusalimia majirani, na wala hakujua. Daktari alimsihi Mama Meno amwambie wazi, amkumbushe kila mara ageuze kichwa. Hakumwambia. Alimwonea huruma, na huruma yake ilikuwa na ujinga ndani. Aliigeuza sahani kimyakimya, na shavu la pili alimnyoa mumewe akiwa usingizini.

Sasa kalibu ya zamani ikachanika, ikabidi watengeneze nyingine kutoka kwenye daraja lenyewe. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Unalilaza daraja kwenye boksi, nusu yake ukiizamisha kwenye udongo laini, kisha unamimina silikoni juu. Ikishaganda unageuza, unatoa udongo, na kabla ya kumimina upande wa pili unapaka mafuta ya mgando juu ya silikoni ya kwanza, kote, bila kuruka hata padogo. Usipopaka, silikoni mbili hushikana zikawa kitu kimoja.

"Kupaka niachie mimi," Fundi alisema. "Nimechoka kukaa hapa kama pambo."

Mama Meno akampa brashi. Fundi akapaka kwa makini, ulimi umetoka nje kidogo. "Tayari. Nimepaka kote."

Mama Meno alikuwa anakoroga silikoni, na ile ukishaichanganya haikusubiri. Akamimina bila kutazama.

Asubuhi iliyofuata alibomoa boksi. Upande wa kulia uliachana vizuri, ukajifunua wenyewe. Alipofika katikati, kalibu ikagoma. Hakuhitaji kuambiwa na mtu.

"Vipi huko?" Fundi akauliza.

"Imeng'ang'ania kidogo. Hii silikoni mbovu."

"Mbovu wapi? Mimi nilipaka kote!"

"Najua ulipaka, Fundi. Tulia basi."

Akachukua kisu chake cha maabara. Silikoni ilikuwa nyeupe kama maziwa, huoni kilichomo. Kisu kikipotea kidogo tu, vile vijiti vinakatika, na aliyeweza kuvichonga tena hayupo. Yupo kwenye kiti, anapiga kelele kuhusu mafuta. Ilimbidi ajue vimekaaje.

"Hebu niambie, vile vijiti vya mshazari vya mwisho ulivipangaje?"

Fundi akafumba macho. Akaeleza upande wa kulia wote, kijiti kwa kijiti, kana kwamba analishika.

"Na mwisho wa pili?"

"Mwisho upi wa pili?"

Hata akilini mwa Fundi, daraja lilikuwa limekatika katikati. Mama Meno akakiweka kisu chini, akafikiri, akakishika tena.

"Fundi, usifumbue macho. Lizunguke daraja. Simama nyuma yake, halafu geuka unitazame. Umefika?"

"Nimefika." Kutokea huko nyuma, mwisho wa kushoto ulikuwa kulia kwake.

"Mkono wako wa kulia kuna nini?"

"Ah, hapo! Hapo nilivibananisha. Na kile cha chini kimeinama kuingia ndani. Angalia usikiguse hicho."

Akakata. Hakuvuta pumzi ila alipolazimika. Jasho lilimwingia machoni, akaliacha. Mahali fulani pakalia *tak*, akasimamisha kisu, kumbe ni kipande cha udongo kilichokauka. Akazunguka kile kijiti kilichoinama, akavuta taratibu, na daraja likatoka.

Zima! Alicheka peke yake kama mwendawazimu, akalifuta, akaliweka mbele ya mumewe.

Fundi akalitazama.

"Umelikata," akasema. "Mke wangu, nusu ya daraja langu iko wapi?"

Machozi yakamshuka. Mkono wa Mama Meno ulikwishanyooka kuligeuza, maana ndiyo njia aliyoizoea: aligeuze, mumewe aione nusu nyingine, anyamaze, maisha yaendelee. Lakini mtu mzima analilia kitu ambacho hakijapotea, na aliyemwacha alie ni yeye. Aliona aibu kubwa. Akakishika kidole cha mumewe badala ya daraja.

"Halijakatika. Ni wewe, mume wangu. Kushoto kwako hukuoni."

"Acha mchezo. Si nakuona wewe?"

"Kwa sababu nakaa kulia kwako. Siku zote nakaa kulia."

Akakiongoza kile kidole juu ya ribiti, moja baada ya nyingine, kuelekea kushoto. Kichwa cha Fundi kilifuata kwa shida. Walipofika kwenye kijiti kilichoinama, kidole kikasimama.

"Jana huku sikupaka."

"Hukupaka."

"Na ulijua nina shida hii. Tangu lini?"

"Tangu hospitali."

Mama Meno akajiandaa kutukanwa. Angetukanwa, angeshukuru.

"Hamisha kiti chako," Fundi akasema mwishowe. "Kaa huku. Nijifunze kukutafuta."

Akakiburuta kiti, akakaa kushoto kwake, mahali ambapo kwa mumewe hapakuwepo mtu, akangoja. Polepole, kwa kazi kubwa, Fundi akaanza kugeuza shingo.