Kopo Lenye Picha ya Mbwa

Mama mdogo wangu Ngalula hakusoma, na angekuambia hivyo mwenyewe kabla hujamuuliza. Lakini dukani hakuna aliyeweza kumdanganya. Kopo lenye picha ya samaki lina samaki. Lenye picha ya nyanya lina nyanya. Hivyo ndivyo akina mama wa mtaa wetu wa Katuba walivyonunua vitu kwa Wagiriki wenye maduka miaka ile ya hamsini, na mpaka leo sijaona kosa lao.

Hakuwa na mtoto. Alikuwa na mbwa, Kapita, aliyepewa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kutazama wengine wakifanya kazi na kuwabwekea, kama makapita, wale wanyapara wa reli. Mama yake Kapita alikula nyama aliyoiokota nyuma ya duka moja mjini, akafa akitetemeka mapajani mwa mama mdogo. Tangu hapo Kapita hakupewa kitu ambacho Ngalula hajakionja kwanza. Bukari, ugali wetu, na dagaa, kila siku, na mama mdogo akipuliza tonge kwa tonge mpaka lipoe. Mimi, mtoto wa dada yake niliyekaa nyumba hiyohiyo, hakuna aliyenipulizia. Nilijiunguza ulimi mwenyewe.

Mumewe, baba mdogo Laurent, alikuwa karani wa stesheni na évolué, yaani mtu wa maendeleo, kupita kiasi. Alivaa pijama sebuleni, madirisha wazi, ili majirani waione. Alikula muhogo kwa uma na kisu. Siku moja akarudi kutoka mjini na kopo kubwa, akaliweka mezani huku akijikohoza. Lilikuwa na picha ya mbwa wa manyoya mengi, anacheka.

"Ni nini hii?" mama mdogo akauliza.

"Chakula ya Kapita. Imbwa ya évolué haikulake bukari."

Ngalula aliitazama ile picha, akamtazama Kapita, akairudia picha.

"Laurent, bametia imbwa mu hii mukebe."

"Hapana. Iko chakula ya imbwa. Haiko imbwa."

"Na mukebe ya samaki, iko chakula ya samaki?"

Baba mdogo akaligeuza kopo, akatafuta jibu kwenye karatasi yake. Karani mzima, na Kifaransa chote kile.

"Kapita hawezi kula ndugu yake," mama mdogo akaendelea. "Na ile ndugu, nani anajua ilikufa na nini?"

Laurent akaona dawa ni kubandua karatasi. Akaibandua yote, akaitupa jikoni motoni.

"Ona sasa. Foto haiko tena."

"Umetoa sura tu. Nyama iko ndani."

Basi Laurent akasema ataionja yeye, na akibaki mzima Kapita atakula. Akaimwaga nyama ile kwenye sahani ya wageni, akafunga kitambaa shingoni, akashika uma.

Hapo tukasikia hodi. Alikuwa Padri Liévin, Mbelgiji mnene wa parokia yetu, ambaye alitembelea Wakristo wake saa ya chakula, kwa bahati tu, kila mara. Na kwetu mgeni akikukuta unakula, unamkaribisha, naye lazima aonje. Akikataa ni kama amesema umemtilia sumu. Mdomo wa Laurent ulikaribisha kabla akili yake haijafika.

"Karibu, mon père, tukule."

Laurent akameza kipande kimoja, akasogeza sahani katikati. Padri akaketi. Akaonja. Akafumba macho.

"Laurent, hii nyama ya pâté iko muzuri sana. Umeipata wapi?"

"Mu duka ya ville, mon père," Laurent akajibu, jasho likimtoka hadi kwenye kitambaa.

Mama mdogo alisimama mlangoni, Kapita kati ya miguu yake. Alimpenda yule padri, ndiye aliyemfungisha ndoa. Nilimwona akitaka kusema, midomo ikicheza. Kisha akainama, akamshika Kapita masikio, na nikajua padri ameshindwa na Kapita. Mume anaweza kuumwa tumbo akaficha ili ashinde ubishi. Padri, asiyejua lolote, asingeficha, angekuwa mwonjaji wa kweli wa Kapita. Mama mdogo akachukua kijiko, akamwongezea.

"Kula, mon père. Iko mingi."

Usiku huo mama mdogo hakupata usingizi. Kulipokucha akaenda misa ya alfajiri, yeye ambaye siku za kazi hakanyagi kanisani, akaketi mbele kabisa na kumkagua padri kama kuku wa sokoni. Padri aliimba mpaka mwisho, mashavu mekundu. Mama mdogo akalia kwa furaha. Masista wakadhani ni imani.

Nyumbani alimkuta Laurent naye mzima, ndani ya pijama. Akatoa nyama iliyobaki, iliyofunikwa kwa sahani, akaionja kidogo mwenyewe, akamwekea Kapita.

Kapita alinusa. Akamtazama mama mdogo, akanusa tena, akaenda kujilaza kando ya sufuria ya bukari.

Ngalula alimkumbatia, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Akaanza kumpulizia tonge.

"Na ile imebakia?" Laurent akauliza kwa unyonge.

"Funika muzuri," mama mdogo akasema. "Tutamuwekea mon père."