Mashine Nne, Mshono Mmoja

Mashine nne za kutenga viazi, zilizoundwa na timu nne zilizokatazwa kusaidiana, zilivunjika mahali pamoja kabla ya saa nne asubuhi. Mkono wa kuzungushia uliachia pale ulipounganishwa na pipa. Ya kwanza ilipovunjika niliandika kwenye daftari. Ya pili pia. Ya nne ilipoachia, mama muuza viazi wa sokoni Makambako, aliyetuazima magunia yake kwa majaribio, alinigeukia.

"Mwalimu, hizi ni za baba mmoja?"

Wenzake wakacheka. Wanafunzi wangu kumi na sita walitazama chini.

Nafundisha utangulizi wa uhandisi katika chuo cha ufundi Njombe. Mwaka wa kwanza siwaanzishi na ubao. Wiki ya kwanza nawagawa katika timu za watu wanne na kuwapa tatizo lenye mwenyewe. Mwisho wa muhula kazi yao inajaribiwa mbele ya huyo mwenye tatizo. Nimewaona watu waliokariri kanuni za nguvu tangu sekondari wakizielewa siku gunia la kwanza linapomwagwa. Sina shaka na njia hii.

Safari hii tatizo lilikuwa la wauza viazi. Mizigo ya Matamba na Iwawa hufika imechanganyika, nao hukaa chini kutenga vikubwa na vidogo kwa mkono. Timu zote zilichagua pipa la nondo: ukilizungusha, vidogo vinapenya, vikubwa vinatokea mwisho. Lakini michoro ilitofautiana. Pipa moja lilikuwa refu kama jeneza, jingine fupi, jingine lilisimama kwenye miguu ya mbao. Kitu pekee kilichofanana ni mshono wa kuchomelea pale penye mkono: mwembamba, umenyooka, mzuri kuutazama. Haukuwa umezama ndani ya chuma.

Nilichuchumaa nikauliza nani kachomelea.

"Sisi, mwalimu," alisema mwakilishi wa darasa, kijana wa Matamba.

"Sisi nani?"

"Sisi wote."

"Wote mna mkono mmoja?"

Akakuna kichwa. "Mwalimu, tuliitana. Kama mgowe. Jumatatu wote kwenye pipa la timu ya kwanza, Jumanne la pili, hivyo hivyo. Kwetu shamba hulimi peke yako ukamaliza."

Nilizijua kazi hizo za kuitana. Nimekula ugali wa mgowe tangu utotoni. Nilichoshindwa kuona ni kwamba nilipowaambia "fanyeni kazi kwa timu", walisikia kitu walichokifahamu kuliko mimi. Kanuni ya chuo niliwasomea: timu isiguse kazi ya timu nyingine. Walisikiliza kwa heshima, kisha wakaenda kulima shamba la kila mmoja kwa zamu. Na katika zamu hizo, kila mtu alifanya anachokiweza.

Dada mmoja wa Ludewa akasogea mbele. "Mkono ni wangu, mwalimu. Hawa waache."

Kabla ya kuja chuoni alikuwa akichomelea madirisha na mageti katika karakana moja hapo hapo Makambako, na darasani hakuna mwingine aliyewahi kushika kifaa cha kuchomelea. Nilijua pia kwamba alipokelewa kwa sharti: akifeli somo moja muhula wa kwanza, anarudi nyumbani.

"Umeme uliuweka kiasi gani?"

"Ule wa madirisha." Akatazama bamba nene lililobeba mkono kwenye pipa. Nilimwona akielewa. "Chuma hiki ni kinene. Haukuingia."

"Sasa?"

"Nipe siku tatu."

Chuoni aliomba vipande vya bamba lile lile. Alichomelea kimoja, akakibana kwenye jiliwa, akakipiga nyundo mpaka kikaachia. Akaongeza umeme, akarudia. Wenzake waliandika kila jaribio, huku mmoja akimtania, "Dada, unakiadhibu kwa kosa gani?" Kipande cha saba kilipinda, mshono ukabaki. Hapo wakakata mikono yote minne kwa grenda wakaanza upya, na safari hii kila timu ilichomelea wa kwake, yeye akisimama pembeni mikono nyuma. Tuliporudi Makambako, mashine tatu zilimaliza magunia. Ya nne ilikwama kwa sababu ya miguu ya mbao, kosa ambalo ni la timu hiyo peke yake, na nililifurahia.

Mkuu wa idara alisoma ripoti yangu akiwa amesimama.

"Umeandika wamefanya uhandisi."

"Ndiyo, mkuu."

"Kanuni inaita udanganyifu. Wengine wana mchoro wao wa kujitetea. Huyu mshono wake uko kwenye kazi za timu zote."

"Na ndiye aliyegundua zilivunjika kwa nini."

"Hilo umelieleza vizuri," alisema, akalipeleka faili kwenye kamati ya mitihani.

Kamati imekutana mara mbili. Wanafunzi kumi na watano wamepewa alama zao, na muhula wa pili unaanza Jumatatu. Kwenye orodha ya alama iliyobandikwa nje ya ofisi, mbele ya namba ya dada wa Ludewa pamechorwa kistari.