Kidole cha Mwalimu Wangu wa Bayolojia

Leo mgonjwa wangu alinikazia macho ghafla, nikadhani nimemkosea.

Alikuwa mwalimu wangu wa bayolojia, sasa amestaafu, anaishi mtaa wa Woodley. Kidole kilikuwa kimevimba kwa kuchomwa na mwiba. Hakunitambua, nami sikujitaja.

"Daktari, mbona kimevimba hivi?"

Nikamweleza: chembe nyeupe za damu zinabingirika kwenye ukuta wa mshipa, zinanata, kisha zinapenya nje kupigana na vijidudu.

Akaacha kukitazama kidole, akanikazia macho.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Ni wewe, mwalimu! Ulipaka dawati uji, ukabingirisha gololi mpaka zikanata."

Jamani, ile harufu ya uji na chaki!

"Nilidhani mnanicheka tu," akasema.

"Tulicheka, mwalimu. Lakini tulishika."

Akanishika kwa ule mkono mzima, na hakuniachilia haraka.

Wewe unamkumbuka mwalimu gani?