Aliyeshona Kwaheri ya Kocha

Kaka yake wa tumbo moja alimruka kimanga mbele ya umati, mchana kweupe, kwenye kibaraza cha duka lake mwenyewe. Alimpa kazi, akamdanganya kazi yenyewe ni ya nini, na mambo yalipochafuka akasimama upande wa waliokuja na hasira, akauliza kama wao: "Nani alikutuma?" Hilo ndilo kosa. Yaliyofuata yote yalitoka humo.

Dada mtu watu walimwita Fundi, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, kimebanwa kati ya kinyozi na muuza viatu. Ndani palikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, kioo kilichopasuka kona, na picha ya Kocha iliyokatwa gazetini. Picha ile aliibandika kaka yake. Yeye mpira hakuujua sana. Alichojua ni zambarau na nyeupe. Kila msimu tawi la mashabiki lilimletea vitambaa vya rangi hizo, naye akawashonea bendera, kofia na mikanda ya kichwani. Mwaka wa ubingwa wa tatu alimshonea hata mbuzi wa kinyozi koti, na mbuzi akalitafuna kabla ya mechi kuanza.

Mwenyekiti wa tawi alikuwa huyo huyo kaka yake. Walimwita Spika, maana sauti yake haikuhitaji umeme. Na huyo ndiye aliyepelekwa shule. Kwao walikuwa watoto wawili na karo ya mmoja, baba akasema msichana ataolewa. Msichana akapelekwa kwa shangazi kushika sindano. Hakuwahi kulililia jambo hilo mbele ya mtu, ila kila Spika alipoboronga kitu alijisemea moyoni, "Haya, hicho ndicho walichokinunua kwa shule yangu."

Kwa hiyo herufi alizishona kama wengine wanavyoshona maua. Spika alizichora kwa chaki juu ya kitambaa cheupe, Fundi akazikata, akazipanga juu ya zambarau alivyoonyeshwa, akazipiga uzi pembeni. Alizijua kwa maumbo: hii ina tumbo, hii ina miguu miwili, hii imesimama kama mlingoti. Zikishapangwa hakujua zinasema nini. Alikuwa akiambiwa, na aliyemwambia ni ndugu yake, basi yakaisha.

Siku ya kazi ile Spika alikuja peke yake. Desturi yake ilikuwa kuja na kundi, wakikaa juu ya meza na kumzibia mwanga. Safari hii aliingia kimya akaufunga mlango nyuma yake, na joto lile.

"Dada, nina kazi kubwa. Naitaka kabla ya fainali."

"Kubwa kiasi gani?"

Akakunjua kitambaa. Kikaanzia mlangoni, kikapita chini ya meza, kikafika kwenye cherehani na bado kikabaki. Herufi zilikuwa zimekwisha chorwa.

"Hii shuka ya jitu!" Fundi akacheka. "Inasema nini?"

"Hongera."

"Hongera yote hii? Kaka, wewe hata hongera yako ina hotuba."

Spika hakucheka. "Hongera Kocha, na maneno mengine mazuri. Wewe shona tu. Na usimwonyeshe mtu, nataka tuwashtukize uwanjani."

Alipotoka alichungulia kulia na kushoto kwanza, kama mtu aliyetoka nyumba isiyo yake.

Wiki ile mtaa ulikuwa na kimya cha maziwa yanayokaribia kufurika. Kocha alikuwa amewapa ubingwa mfululizo, mpaka watoto wadogo walidhani kombe ni mali ya klabu na wengine huazimwa tu kulitazama. Lakini katika mechi iliyopita hakwenda jukwaani kupunga mkono. Alizunguka uwanja akimpa mkono kila mtu: wafagiaji, mlinzi wa geti, hata mama anayefua jezi. Askari mmoja mstaafu, mteja wa kinyozi, alisema, "Anayewaaga wafagiaji mmoja mmoja ana safari." Wenzake walimkemea anyamaze. Neno la kuondoka halikutajwa pale kibandani, kama vile nyoka asivyotajwa usiku.

Fundi aliyasikia hayo kupitia ukutani, akaendelea kushona.

Mke wa kinyozi ndiye aliyemkuta. Alikuja kupunguziwa gauni, akasukuma mlango bila hodi kama kawaida yao.

"Usiingie!" Fundi alisema, kitambaa kimemfunika miguu yote.

"Kwani mimi mtu? Nimeshaingia." Mara akasita. Midomo yake ikawa inacheza anavyosoma. "Shoga, hapa umeandika nini?"

"Hongera Kocha."

"Nani kakwambia?"

"Kwani sivyo?"

Mke wa kinyozi aliinua pindo, akasoma tena toka mwanzo, safari hii akigusa kila neno kwa kidole. "Hapa hakuna hongera. Pameandikwa, 'Kwaheri Baba, tumebaki yatima.'"

Mguu wa Fundi ulisimama juu ya kanyagio.

"Kocha anaondoka?" akauliza.

"Unaniuliza mimi? Mwenye bango ni wewe! Nani kakuagiza?"

Hapo angeweza kujiokoa. Angetaja jina moja tu, na mtu mmoja duniani angekuwa amelisikia kabla ya mambo kuharibika. Lakini alikuwa ameahidi, na aliyemuahidi alikuwa damu yake. "Ni kazi ya mteja," akasema. Kwa jibu hilo alimfunika kaka yake na kujianika mwenyewe. "Nakuomba, shoga, lisitoke hapa."

"Mimi? Mimi kaburi."

Kaburi hilo lilikuwa na mume, na mume alikuwa na kibanda cha kunyolea.

Mgeni alipoondoka, Fundi alimpigia Spika simu. "Kaka, umenidanganya."

Spika akauliza, "Nani ameona?" Hakusema nisamehe. Aliuliza nani ameona.

"Kocha anaondoka, kweli?"

"Punguza sauti. Wakubwa wa klabu wametuambia sisi wenyeviti peke yetu. Watatangaza baada ya fainali ili watu wasifanye fujo. Mimi nataka tawi letu liwe la kwanza kumuaga kwa heshima. Hili likivuja na likaonekana limetoka kwangu, wakubwa hawatanitazama tena. Na watu wa tawi wakijua nilijua nikanyamaza, ndiyo basi."

"Na mimi je?"

"Wewe nani atakuuliza? Wewe ni fundi. Maliza."

Akamaliza. Alikuwa mtu wa namna hiyo, kazi aliyoipokea haikulala katikati. Lakini sasa aliyajua maneno, na kila herufi aliyoipitisha chini ya sindano ilimwia nzito. Mtu yuko hai, anatembea, anapiga filimbi mazoezini, na yeye ameketi chumbani anamshonea kwaheri. Alijua mtaa ungeliitaje jambo hilo. Alikitupia kitambaa gunia juu, akaketi akisikiliza kila aliyepita nje.

Kesho yake adhuhuri redio ya kinyozi ikatangaza habari iliyovuja: Kocha anaondoka. Mtu wa kwenye kiti alikuwa amenyolewa upande mmoja. Alisimama na kitambaa shingoni, akatoka na nusu kichwa, na hakuna aliyemcheka. Halafu Fundi akasikia sauti kupitia ukutani.

"Uongo huo!"

"Wamemfukuza! Kocha hawezi kutuacha!"

"Kabla ya fainali? Nani anatangaza msiba kabla ya harusi?"

Askari mstaafu alikuwa akilia kwa sauti, mtu mzima yule, akisema hajawahi kumwona baba yake ila sasa anajua inavyokuwa akiondoka. Kisha mmoja akauliza, na kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko kelele: "Nani alijua?"

Kinyozi alikuwa bado ameshika wembe. "Fundi alijua," akasema. "Bango lilishashonwa."

Umati haukuja mbio. Ulikuja ukitembea, na hilo lilimtisha zaidi. Aliona kwanza miguu chini ya mlango, mingi, imesimama.

"Fundi! Toka na sanda yako!"

"Mtu anatembea, wewe umeshampimia kaburi!"

"Vipimo alileta lini, Fundi? Au ulikisia?"

Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa na meno. Alipofungua mlango, vijana wawili wakampita, wakaondoa gunia, wakaliburuta bango mpaka kibarazani. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Yeye alilisikia kwa mara ya pili, likisomwa na watu wengi kwa pamoja.

"Nani alikutuma? Wapinzani? Walitaka timu ivunjike moyo kabla ya fainali?"

"Mimi na nyinyi miaka yote hii," akasema. "Bendera mliyoshika hapo nani alishona?"

"Ndiyo maana tunauliza!"

Ndipo alipomwona Spika nyuma ya vichwa vya watu, na pumzi ikamrudia. "Ngojeni," akawaambia. "Ngojeni, mwenye habari ndiye yule."

Wakampisha. Spika alilitazama bango chini kama mtu anavyomtazama mtoto mchafu wa jirani. Akainua kichwa.

"Dada. Nani alikutuma?"

"Kaka!"

"Sema tu, usiogope."

"Wewe. Ulifunga mlango huu ukakunjua kitambaa hapa hapa. Chaki ni yako, maneno ni yako. Ukaniambia ni hongera."

Mtu akapiga mluzi. Fundi aliyaona macho ya kaka yake yakipita kwenye nyuso za watu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepima mto kabla hajavuka. Kisha ile sauti ikatoka.

"Jamani! Mimi mwenyekiti wenu! Mimi nijue Kocha anaondoka, nikae nanyi, nile nanyi, ninyamaze?"

"Hapana!" wakajibu baadhi.

"Dada yangu hajui kusoma. Wote mnajua. Mtu yeyote anaweza kumletea maneno, naye akashona. Wabaya wetu wamemtumia, sasa kwa hofu anamshika aliye karibu. Msimguse. Msameheni, ni ujinga tu."

Hawakumgusa, na mpaka leo Spika hujisifu kwa hilo. Walilichana bango. Kitambaa kilikuwa kimenasa kwenye mguu wa cherehani, na walipokivuta cherehani ikaja nacho, ikaanguka kibarazani, shingo yake ya chuma ikapasuka. Mke wa kinyozi alisimama mlangoni kwake, mkono mdomoni. Fundi alimtazama amsemee, na yeye alikuwa na nini cha kusema? Alichoambiwa ni kazi ya mteja.

Fainali wakafungwa. Kabla ya hapo Fundi alikuwa mtu aliyejua. Baada ya hapo akawa mtu aliyesababisha. Kocha alipoondoka, mashabiki walifurika uwanja wa ndege wakilia, na mbele yao wote alikuwa Spika ameshika bango jipya la zambarau. Mke wa kinyozi aliiona picha gazetini, akamletea kwa siri, akamsomea kwa kunong'ona. Maneno yalikuwa yale yale. Yamechorwa na mkono ule ule, yameshonwa na fundi wa mtaa mwingine. Chini ya picha, alisema, pameandikwa kwamba mwenyekiti huyu amewaliza wengi. Muda si mrefu wakubwa wa klabu wakamwita, wakampa cheo juu ya matawi yote.

Kocha mpya hajawapatia lolote. Wakifungwa, jioni ile ile mawe hulia juu ya bati la Fundi. La kwanza huwa dogo, kama mtu anayepiga hodi. Mtu ameandika kitu mlangoni kwa rangi. Hajamwuliza yeyote ni nini, na hakuna aliyejitolea kumsomea. Wateja wamehama. Siku hizi yeye, aliyekuwa hajui hata wachezaji ni wangapi, huweka sikio ukutani kila redio inapotangaza mechi. Hakuna shabiki anayeiombea klabu ile ushindi kama yeye.

Jumapili hii wanacheza na wapinzani wao wakubwa, na wachezaji wawili wa mbele ni wagonjwa. Juzi kinyozi alipita na ndoo mkononi, akasimama bila kumtazama usoni. "Fundi, ukienda kumtembelea binti yako kule alikoolewa Jumapili, si vibaya," akasema. "Na cherehani uitoe kabisa." Akaendelea na ndoo yake.

"Wanasema nini huko kwako?" Fundi akamwuliza.

"Mimi nanyoa tu," akajibu.

Mama yao mzazi amemtumia mtu amwambie asamehe, mambo ya mpira yasitenganishe watoto walionyonya ziwa moja. Fundi akamjibu, "Mama, nimsamehe lipi? Yeye hajasema amefanya nini."

Kwa cherehani hamdai mtu, chuma kinaungwa, na ameshakiunga. Na wale vijana waliochana kitambaa hana deni nao, wala mke wa kinyozi hamdai kitu. Anamdai kaka yake peke yake. Anamdai aje kibarazani pale, mchana, watu wakiwa wamejaa kama siku ile, aseme kwa sauti ile ile: bango nililiagiza mimi, Kocha anaondoka nilijua, na dada yangu nilimwongopea. Alitakiwa kuyasema siku ile ile. Bado anadaiwa, na anatakiwa kuyasema kabla ya Jumapili. Leo ni Ijumaa, na simu yake haipokelewi.