Kikohozi Nilichomficha Chebet

Kabla sijaugua nilikuwa na kilo sitini na nane, na pumzi ya kubeba jora la kitambaa begani kutoka sokoni hadi nyumbani. Mimi ni fundi wa nguo hapa mtaani Kaptembwo. Shule niliachia darasa la saba, mengine nimejisomea. Siku mbili kwa wiki nilijitolea katika shirika dogo linalosaidia watoto waliodhulumiwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa na mtoto mpaka siku ya kesi, na kuketi karibu naye akitoa ushahidi.

Mtoto wa mwisho niliyekabidhiwa na shirika nitamwita Chebet, ingawa si jina lake. Alikuwa na miaka tisa, akiishi kwa nyanya yake mtaa wa Section 58. Baba yake wa kambo alikuwa amemchoma viganja kwa pasi. Wiki nne hakuniambia neno. Nikampa mkebe wa vifungo avipange kwa rangi, na mikono ilipopata kazi, mdomo ukafunguka. Nilimwambia lile tunalomwambia kila mtoto: "Kitu kinachoumiza mwili wako hakifichwi."

Kikohozi changu kilianza na mvua. Kwanza kikavu, kisha cha makohozi mazito ya manjano. Jasho la usiku lililowesha godoro. Sketi moja niliipunguza kiuno mara tatu.

"Mama, hiyo utaipunguza mpaka ibaki leso," binti yangu Mercy alinicheka. Baadaye aliacha kucheka. "Twende hospitali."

Nilimwambia ni vumbi la vitambaa. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua si vumbi. Lakini nilijua pia kwamba nikipatikana na TB nitazuiwa kukaribia watoto, na kesi ilikuwa imebakisha wiki tano. Chebet alikuwa amesema, "Anti, bila wewe siongei." Nikanunua dawa ya maji dukani, nikawa nainywa.

Siku ya kesi, tukingoja nje ya chumba cha mahakama, kifua kilinibana. Nilikohoa kwenye leso, ikatoka damu nyekundu yenye povu. Chebet aliiona.

"Anti, hiyo imeanza lini?"

"Ni kidogo tu."

"Si ulisema kitu ya kuumiza haifichwi?"

Ndani hakusema lolote. Hakimu akaahirisha kesi.

Jioni hiyo Mercy alinipeleka hospitali. Daktari alisoma majibu ya makohozi, akauliza, "Mum, umekohoa kwa muda gani?"

"Miezi mitatu."

Aliweka kalamu chini. "Na umekuwa ukikaa na nani?"

Nilimtaja Mercy. Nilimtaja Chebet. Akasema wote wapimwe, na mtoto asipokuwa mgonjwa apewe dawa ya kumkinga.

Mercy alipimwa, akawa mzima. Chebet hakupatikana. Mama yake alikuwa amemchukua kwa nyanya, akampeleka Kuresoi, kwa huyo huyo mume. Ukoo ulikuwa umekubaliana yaishie nyumbani. Mhudumu wa afya alifika huko mara mbili, akaambiwa mtoto hayupo. Kesi ilifutwa kwa kukosa shahidi.

Nilimeza dawa miezi sita. Mkojo uligeuka rangi ya chungwa. Mwezi wa kwanza nilitapika karibu kila asubuhi, na viungo viliuma hata kukanyaga cherehani sikuweza. Mercy alisimama mbele yangu kila siku: "Fungua mdomo nione kama umemeza." Kipimo cha mwisho kilitoka safi. Sasa nina kilo sitini na nne, na ile sketi nimeifumua.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mercy, na muuguzi ambaye hakunikemea hata siku moja. Shirika halijanirudisha kwa watoto, na sidai. Kwako unayesoma: ukikohoa wiki mbili, nenda upimwe. Katika hospitali za serikali dawa hailipiwi, na TB inapona. Usingoje kazi njema iishe kwanza. Mimi nilingoja, na kazi yenyewe ikaharibika.

Mwezi jana nilimpata mama yake Chebet kwa simu, mara moja tu.

"Mathe, achana na sisi. Hiyo maneno iliisha."

Nyuma yake nikasikia sauti ndogo: "Muulize kama bado anakohoa."

Simu ikakatwa. Tangu hapo namba haipatikani.

Sikohoi tena, Chebet. Wewe je?