Namba Iliyopungua Kila Asubuhi

Mwalimu Ndila alitoka Kitui akiwa na miaka ishirini na minne, akaja Naro Moru, chini ya mlima, kufundisha hesabu. Miaka kumi na mmoja baadaye alikuwa bado yupo, hana mume, hana makuu, na baridi ya mlimani ilishamzoea.

Agosti iliyopita, shule ikiwa imefungwa, alikuwa akisahihisha mitihani kila asubuhi katika darasa la mwisho. Siku ya kwanza alikuta namba ubaoni: 73939133. Mwandiko aliujua mara moja. Ulikuwa wa Theuri, mwalimu mwenzake aliyepanda mlima Desemba, akapotelea ukunguni, kisipatikane hata kiatu chake.

Alidhani ni mzaha wa mtu. Hata hivyo, mtu wa hesabu haachi namba ikakaa hivi hivi. Akaigawa kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, ikakataa. Kompyuta ya ofisini ikamwambia ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Kesho yake tarakimu ya mwisho ilikuwa imefutwa. Ikabaki 7393913, nayo tasa. Siku ya tatu, 739391. Tasa vilevile. Ndila akairudia ile ya kwanza, akajaribu kuiongezea tarakimu mwishoni: moja, tatu, saba, tisa. Kila mara ikagawanyika. Namba ile haikuweza kukua tena; ilijua kupungua tu.

Akamwuliza Jackton, askari wa lango, ni nani anayeingia darasani usiku.

"Mwalimu, kufuli iko sawa," Jackton alisema. "Na funguo ni hii moja, niko nayo mimi."

Siku ya saba alikwenda kwa Warigia, mkewe Theuri. Alimkuta akimenya viazi, akamweleza yote.

"Aliiandika hapa jikoni," Warigia alisema, akionyesha ukuta. "Kila asubuhi akifuta tarakimu moja. Ati ikibaki ile saba peke yake, anapanda mlima. Sijawahi kumwambia mtu."

"Leo ubaoni kuna sabini na tatu, Mama Mwai."

Kisu kikasimama mkononi.

"Basi ni kesho."

Asubuhi walikwenda pamoja, Jackton akawafungulia. Saba ilikuwa peke yake ubaoni, chaki yake bado ina unyevu. Vioo vya madirisha vilikuwa na ukungu upande wa ndani, kama vya chumba ambamo watu wamelala. Jackton hakuvuka kizingiti.

Warigia alisogea hadi ubaoni. Kisha akaifuta kwa kiganja.

"Imetosha, baba Mwai," alisema polepole. "Usipande tena."

Hakuna kilichoandikwa tena. Jumapili, Warigia aliwaomba wazee wa kanisa wamwombee Theuri kama marehemu, jambo alilokuwa amelikataa tangu Desemba. Ndila alikaa kando yake, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi sana, na vumbi la chaki kiganjani, kama alivyoapa Warigia, lilikuwa limekataa kutoka hata kwa sabuni.